Usilie Kwanza, Mama Guelord

Kalemie, 9 Aprili 2024

Mama Guelord, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi na wewe hatujakaa pamoja isipokuwa siku ile moja ya sikukuu ya biro, ofisini kwa waume wetu, uliponicheka sababu nilikula samaki kwa uma na kisu. Lakini sasa waume wetu wako mikononi mwa watu wale wale, na sioni muntu mwingine anayeweza kunielewa.

Ninaandika, sipigi simu. Padri Bonaventure, yeye njo anayekwenda kuzungumza na watu wa musituni waliowateka, ametukataza kusema mambo haya kwa simu. Anasema masikio ni mengi, ya huku na ya kule. Barua hii anakuletea mama mumoja anayepeleka samaki wa ndakala Nyunzu kwa treni. Jibu lako mupe yeye mukononi.

Jana nilikwenda kwa Direktere Wilfried kwenye biro ya chanjo. Alinipokea vizuri. Akaniambia: "Mama, Ghislain alikuwa anapeleka chanjo za serikali, ndani ya gari ya serikali. Mutumishi akitekwa kazini, anahesabiwa yuko kazini mpaka arudi. Mushahara wake utaendelea kuja kwako, na wewe na mutoto mutatibiwa." Nilimushukuru, maana unajua mimi ni mujamuzito na presha inanipanda. Kisha nikamuuliza juu ya mume wako.

Akavua miwani, akaipangusa. "Shofere hana matricule, namba ya utumishi. Alikuwa anaendesha kwa mapatano ya mudomo tu."

Nikamuambia, "Lakini gari ilikuwa moja."

Akavaa miwani yake tena, akafungua karatasi nyingine. Sitaacha kumuuliza.

Padri anasema wale watu hawataki kitu kingine: wanataka ndugu zao wawili walioko gerezani hapa Kalemie. Watu wawili kwa watu wawili. Kwa hiyo wanawalinda waume wetu, hawawezi kuwaumiza. Tushike neno hilo.

Mimi, Émérence, Mama Abigaël


Nyunzu, 21 Aprili 2024

Mama Abigaël,

Barua yako imefika, imenuka ndakala, na nimeisoma mara nyingi hata harufu imehamia kwangu.

Usisumbuke na Direktere wako. Papy ameendesha ile gari miaka, ameisukuma kwenye matope, amelala chini yake mvua ikinyesha. Kama yeye si mutumishi wa serikali, basi serikali ituambie gari ilikuwa inajiendesha yenyewe. Mimi nitaendelea kukaanga mikate yangu hapa sokoni. Guelord walimurudisha nyumbani juma lililopita juu ya minerval, ile ada ya shule, sasa ananisaidia kuchota maji.

Lakini sikia jambo hili. Watu waliokimbia kutoka vijiji vya kaskazini wanafika hapa kila siku na mikeka yao kichwani. Muzee mumoja alikula mikate yangu, akaniambia amemuona munganga wa chanjo, mume wako, kule ndani ya musitu. Alikuwa anatembea na mufuko begani, mikono haijafungwa, anatibu watu. Nikamuuliza, "Na mwenzake? Mufupi, mweusi, anapiga muluzi kila anapokwenda?" Akasema hakumuona.

Sikuambii hili ili nikuogopeshe. Nakuambia sababu hapa wengine wameanza kusema munganga amejiunga nao. Maneno yanasafiri haraka kuliko treni. Ujue namna ya kuyajibu yakifika huko.

Chantal


30 Mei 2024

Mama Abigaël,

Wameniruhusu karatasi moja. Mimi ni muzima. Ninakula, ninalala, ninafanya kazi yangu ya unganga kwa watoto na kwa wagonjwa wa hapa. Hakuna muntu anayenitesa. Shofere Papy tuko naye pamoja, naye ni muzima, anamusalimia muke wake na mutoto wake.

Muambie Padri Bonaventure aongeze bidii. Makubaliano yabaki yale yale, watu wawili kwa watu wawili. Serikali isitume askari, maana wakituma askari, lawama itakuwa yao.

Jilinde. Kunywa dawa za presha hata siku unayojisikia vizuri. Mubusu Abigaël.

Ghislain


Kalemie, 8 Juni 2024

Mama Guelord, ndugu yangu, kaa chini kabla hujasoma!

Wako hai! Wote wawili! Padri amerudi na barua ya Ghislain, mukono wake mwenyewe, ule mwandiko wake wa unganga ambao mimi peke yangu ninaweza kuusoma. Anasema, ninakunakilia maneno yake: "Shofere Papy tuko naye pamoja, naye ni muzima, anamusalimia muke wake na mutoto wake." Nilipofika hapo nilipiga kelele, jirani akafikiri uchungu umenishika.

Basi usisikilize maneno ya sokoni tena. Mwambie Guelord baba yake anamusalimia.

Kesho asubuhi ninaipeleka barua kwa Direktere. Alikuwa ananiomba kila siku alama ya kuonyesha kwamba wako kule na wako hai, sababu wakubwa wa mukoa wanamubana. Sasa alama ninayo. Na nitasimama pale pale mezani kwake mpaka jina la Papa Guelord liingie kwenye dosie ya mateka pamoja na la Ghislain.

Ameniandikia pia ninywe dawa za presha, lakini nimefurahi hata presha imeshuka. Munganga wa kike anayenipima mimba kwenye maternite ameshangaa.

Émérence


Kalemie, 24 Juni 2024

Kwa Mama Émérence,

Ninakuandikia kwa Kiswahili, wala si kwa Kifaransa cha biro, ili neno hili usilisikie kwa mudomo wa muntu mwingine.

Komisheni ya mukoa imesoma barua ya mume wako. Wanakomisheni wameona kwamba ameandika anafanya kazi ya unganga kwa wale watu na hakuna anayemutesa. Wamesikia pia kwa waliokimbia kwamba anatembea bila kufungwa. Wameamua kwamba mpaka uchunguzi umalizike, hawawezi kumuhesabu kuwa mateka. Mutumishi aliyejiunga na watu wenye silaha anapoteza haki zote za mateka, na jamaa yake pia.

Kwa hiyo mushahara umesimamishwa, na barua ya kutibiwa hospitali haina nguvu tena tangu leo.

Mimi ninamujua Ghislain. Nimesema hivyo mbele yao. Lakini barua uliyoniletea, mama, njo wanayoisoma.

Wilfried, Direktere


Nyunzu, 3 Julai 2024

Mama Abigaël,

Mama wa ndakala amenieleza yaliyokupata. Kwamba umerudishwa mulangoni mwa hospitali na tumbo lako lile. Nilitukana kwa Kiluba mpaka yeye mwenyewe akaziba masikio.

Hao wakubwa wa komisheni, hakuna hata mumoja wao aliyewahi kuandika barua muntu akiwa amesimama nyuma yake na bunduki? Uwaulize hivyo. Muntu aliyejiunga nao na kuacha nyumba yake angemukumbusha muke wake anywe dawa ya presha?

Lakini sasa uniruhusu niseme langu. Barua ile ilinifurahisha siku tatu. Siku ya ine nilikuwa ninakanda unga, nikasimama. Papy anajua kuandika. Si vizuri sana, lakini anajua. Akienda Kabalo siku mbili tu, ananitumia kikaratasi kwa shofere mwenzake: nimefika, nimekula, tairi imetoboka. Sasa karatasi imetolewa, kalamu imetolewa, mume wako ameandika mustari baada ya mustari, na Papy aliyekaa pale pembeni yake hakuomba hata kuandika jina lake chini?

Sisemi kitu. Ninakuuliza tu. Wewe uliyeishika karatasi yenyewe, uliona alama yoyote ya mukono wake?

Chantal


Kalemie, 19 Julai 2024

Ndugu yangu,

Nisamehe kuchelewa. Nililazwa. Sasa niko nyumbani na ninaambiwa nisisimame sana.

Kuna habari njema. Mama mumoja anaitwa Mamie, muchuuzi wa mafuta ya mawese, alishikwa na watu wale wale kwenye barabara ile ile na kukaa nao wiki nyingi akiwapikia. Walimuachilia sababu mutoto wake alikuwa anakufa kwa surua. Amefika Kalemie, Padri amempeleka kwa Direktere, na ameeleza kwamba Ghislain anafanya kazi chini ya bunduki, na usiku anafungwa muguu. Komisheni imemusikiliza. Dosie imefunguliwa tena, nimerudishiwa barua ya hospitali, na mushahara nao wamesema utarudi.

Kwa hiyo upande huo Mungu amesaidia. Mazungumzo ya Padri yanaendelea vizuri. Tuendelee kuvumilia na tusiseme mengi.

Munganga amesema mutoto anaweza kuja kabla ya wakati wake. Uniombee.

Émérence


Nyunzu, 30 Julai 2024

Mama Abigaël,

Nimesoma barua yako. Kisha nimemupa Guelord aisome kwa sauti, sababu nilifikiri macho yangu yameruka kitu. Hayakuruka. Umeandika Ghislain, umeandika Padri, umeandika Direktere, umeandika Mamie na mutoto wake na surua yake. Mume wangu hukumuandika hata mara moja.

Nilikuuliza swali. Hukulijibu.

Huyo Mamie alikaa nao wiki nyingi akipika. Anayepika anajua ni midomo mingapi inakula.

Sijawahi kukuomba kitu. Mushahara ulipokuja kwako na haukuja kwangu, sikununa. Ulipofurahi nilifurahi. Sasa ninakuomba. Niambie. Kama hutaki kuniambia, usiniandikie tena, maana sitaki salamu za kufunikia.

Chantal


Kalemie, 6 Agosti 2024

Chantal, ndugu yangu,

Padri alinikataza. Direktere alinikataza. Ninaandika hata hivyo.

Barua hii isome peke yako. Guelord asiwe karibu. Ukimaliza, ichome motoni chini ya mafuta yako ya mikate. Sasa nasema.

Papa Guelord hayuko tena. Amefariki siku chache tu baada ya kutekwa.

Mamie alikuwepo. Anasema watu wale walitaka gari iwapeleke mahali na silaha zao. Papy akawaambia, "Hii ni gari ya chanjo." Wakamuambia ataendesha tu. Akachukua ufunguo, akautupa kwenye majani marefu. Wakampiga kwa vitako vya bunduki. Ghislain aliwaomba kasha lake la dawa, aliwapigia magoti, kasha lilikuwa pale pale kwenye nyumba ya mukubwa wao, wakakataa kulifungua. Papy alikaa siku moja na usiku wake, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Ghislain. Alitaja jina lako na la mutoto. Ghislain alimuzika mwenyewe. Mamie anasema, "Mimi njo nilimupa jembe."

Maneno yale ya barua, kwamba wako pamoja na ni wazima, waliyasema wao na Ghislain akayaandika. Na mimi nilikuletea nikipiga vigelegele. Sijui nitafanya nini na vigelegele vile.

Kuna jambo zito zaidi, na ninaona haya kuliandika. Wale watu wanafikiri sisi hatujui, sababu Mamie aliwaapia kwamba hatasema. Wanataka wawili wao kwa wawili wetu. Padri anasema wakijua kwamba sisi tunajua mumoja amekufa, wataona mapatano yamevunjika na aliyebaki atauawa, sababu yeye ni shahidi. Na Nyunzu kuna watu wao sokoni. Musiba ukiwekwa kwako, habari itafika musituni siku ya pili.

Unaelewa ninachokuomba. Usivae kitambaa cha musiba. Usitoe mukeka nje. Usilie, Mama Guelord. Usilie kwanza.

Ningeweza kunyamaza mpaka mwisho, na wewe ungeendelea kungoja, na ingekuwa salama zaidi kwa mume wangu. Sikuweza. Lakini kwa kukuambia nimeweka shingo yake mukononi mwako. Hakuna mwenye haki ya kukulaumu ukilia.

Émérence


Nyunzu, 14 Agosti 2024

Mama Abigaël,

Nimeichoma.

Niko sokoni kila siku. Jumapili niliimba kwaya, sauti ya pili, kama kawaida. Jirani ananiuliza, habari ya Papa Guelord? Ninasema, Padri anajitahidi. Mutoto pia hajui.

Usiniandikie maneno ya pole. Nikisoma pole nitaanguka.

Kunywa dawa.

Chantal


Kalemie, 2 Septemba 2024

Ndugu yangu,

Mutoto amekuja, mwanaume, mudogo kama samaki, lakini anapumua vizuri. Walinipasua. Kama barua ya hospitali isingerudi, sijui. Nimelala hapa ninafikiria kwamba kitanda hiki nimekipata kwa ushuhuda wa kifo cha mume wako, na wewe hukupata hata ruhusa ya kulia.

Nilimuambia Direktere hivyo hivyo alipokuja kunitazama. Akavuta kiti karibu na kitanda. Akasema, "Mama, arudi kwanza Ghislain. Kisha nitapigana."

Padri amepata siku. Watakutana njiani, nje ya Nyunzu, karibu na reli. Wao wametaka wanawake wa mateka wote wawili wawepo, ili askari wasipige risasi. Mimi siwezi kusimama, wamekubali nisije. Lakini wewe uko pale pale. Padri anasema usipokuja, watajiuliza kwa nini.

Sikuombi. Siwezi tena kukuomba kitu. Ninakuambia tu namna mambo yalivyo. Ukikaa nyumbani siku hiyo, sitakuuliza maisha yangu yote.

Émérence


Nyunzu, 17 Septemba 2024

Mama Abigaël,

Mume wako yuko kwangu. Amelala. Kesho Padri anamupandisha treni. Ninakuandikia yote, sababu yeye hataweza kukueleza, hakuona upande wangu.

Asubuhi nilioga, nikavaa kitenge cha harusi ya dada yangu. Nikachukua shati la Papy, lile la michirizi, nikalipiga pasi. Guelord akaniuliza, "Mama, tunakwenda kumupokea Papa?" Nikamuambia ndiyo, lakini yeye abaki kwa jirani. Huo njo uongo ulionikata zaidi, kuona anavyofurahi.

Tulikwenda na Padri kwa pikipiki. Nyuma yetu gari ya biro, na Direktere ndani, na wale ndugu zao wawili wa gerezani. Tukangoja kwenye jua kali. Mimi nilisimama na shati mukononi kama muntu anayengoja mume wake. Nilijiambia: wee Chantal, wewe ni muke anayengoja. Fanya uso wa kungoja.

Wakatoka kwenye majani. Kijana kwa kijana, na mukubwa wao amevaa kofia ya sufu. Katikati yao Ghislain. Sikumujua. Amekonda, ndevu zimemufika kifuani, muguu mumoja una kidonda cha kamba. Aliponiona, akaangalia chini. Hapo nikajua kwamba yeye hajui kama mimi ninajua. Alikuwa anaogopa nitakachouliza.

Na ilibidi niulize. Muke gani asingeuliza? Wote walikuwa wananitazama, yule wa kofia zaidi ya wote.

Nikasema kwa sauti, "Na mume wangu yuko wapi?"

Yule wa kofia akasema, "Wewe ni muke wa shofere?"

"Njo mimi."

"Mumeo ana homa. Hakuweza kutembea. Atakuja juma kesho. Leo tunabadilisha mumoja, mwingine baadaye."

Padri alinishika kiwiko. Niliona Ghislain anafungua mudomo. Mama Abigaël, niliona anataka kusema! Angesema pale pale, mbele ya bunduki, sababu hakuweza kuvumilia. Nikamukatiza. Nikapiga hatua mbele, nikamuambia yule wa kofia, "Homa inamupata kila musimu wa joto. Mumupe maji mengi. Na mumupelekee shati hili, lile aliloondoka nalo limechakaa."

Nikampa shati. Alilipokea kwa mikono miwili. Hakunitazama tena machoni.

Wakamuachia Ghislain, sisi tukawaachia mumoja wao. Wakarudi kwenye majani na shati la Papy.

Mimi na Ghislain tukapanda gari ya biro. Tulipovuka daraja na kuona askari wetu, nikamugeukia Ghislain, nikamuambia, "Ninajua. Tangu Agosti ninajua." Akaweka uso wake kwenye magoti yangu kama mutoto. Direktere alitazama nje ya dirisha, mabega yake yanatikisika.

Tulipofika nyumbani niliingia uani. Jirani alikuwa anatwanga majani ya sombe. Akaniuliza, kama kila siku, "Habari ya Papa Guelord?"

Nikafungua mudomo, na kilio kikatoka. Sijui kilitoka wapi, nilikuwa nafikiri kimekauka. Watu walikuja mbio mpaka kutoka sokoni. Wanawake walinishika, wakanivua kitenge, wakanifunga kitambaa. Guelord alikuja akasimama mulangoni, akaelewa bila kuambiwa. Mume wako alijivuta kwa muguu wake mubaya, akamuchukua, akakaa naye chini. Hakumuachia mpaka mutoto akasinzia.

Mukeka uko nje sasa. Watu wamejaa uani.

Mimi na wewe hatudaiani kitu. Nyonyesha mutoto.

Chantal


Kalemie, 20 Oktoba 2024

Mama Guelord, shemeji yangu,

Émérence alitaka kuandika, nimemuomba aniachie mimi. Kidonda cha muguu kimefunga. Mutoto analia usiku, nami niko macho, kwa hiyo tunakaa wote wawili dirishani na kutazama taa za wavuvi ziwani.

Juzi nilisimama mbele ya komisheni. Walikuwa na karatasi yangu ya Mei juu ya meza. Wakaniuliza nilitibu watu wangapi wa wale, na kama nililazimishwa kila mara. Nikawaambia kweli: siku za kwanza nililazimishwa. Baadaye, mutoto mwenye kuharisha akiletwa mbele yangu, sikungoja bunduki. Mumoja wao aliandika jambo hilo haraka haraka. Émérence, aliyekuwa ameketi nyuma na mutoto, alikohoa kwa hasira mpaka yule mwandishi akaacha kalamu.

Kisha wakanipa karatasi ya kutia sahihi: kwamba mutumishi Ghislain Kyungu amerudi kutoka utekani na anapewa haki zake zote. Nikaisoma. Nikasema, "Mumeandika gari ilikuwa na muntu mumoja."

Mwenyekiti akasema, "Shofere hakuwa na matricule."

Nikasema, "Wale waliotuteka hawakumuuliza matricule. Walimuambia: wewe ni wa serikali, endesha. Akajibu kama muntu wa serikali, na kwa jibu hilo wakamuua. Mimi niliyekuwa na namba nilinyamaza. Kama ninyi munasema hakuwa mutumishi, basi hata mimi siku ile sikuwa."

Nikarudisha kalamu mezani, nikatoka nje. Émérence akanifuata. Tulikaa kwenye ngazi za biro. Nilimuuliza kama ananikasirikia, maana tunaihitaji ile karatasi kuliko hewa. Akanipa mutoto nimushike, akasema, "Ningekukasirikia ungetia sahihi."

Direktere alibaki ndani. Tulisikia sauti yake mpaka nje, na si muntu wa kupaza sauti. Alipotoka, tai imelegea, alituambia wamekubali: Papy ameandikwa kuwa mutumishi aliyetekwa kazini na kufa utekani. Wewe ni mujane wa mutumishi, na Guelord atasomeshwa mpaka amalize shule. Nilirudi ndani, nikatia sahihi chini ya majina mawili. Dosie sasa inakwenda Kinshasa, na wewe unajua njia ya Kinshasa ilivyo. Inaweza kuchelewa. Mpaka ifike, mushahara unaokuja kwangu tutaugawana na wewe. Usinikatalie, Émérence njo ameamua, na mimi nimechoka kupigana na wakubwa.

Kuna neno moja umeniuliza kwa mudomo wa mama wa ndakala, na sikupenda alibebe yeye. Umeuliza kama ninaikumbuka njia.

Ninaikumbuka. Kaburi liko juu kidogo ya kijito, upande maji hayafiki wakati wa mvua. Nilichagua mahali hapo mwenyewe. Walikuwa wananiharakisha, lakini nilichimba kwenda chini kama inavyopaswa, na niliweka mawe makubwa ili fisi wasimuguse. Kichwa chake kinaelekea Nyunzu.

Padri anasema barabara itafunguliwa kiangazi kijacho. Siku hiyo wewe na Guelord mutakuwa tayari kumuleta nyumbani, na mafundi wa sanduku, na watu wa kwaya yako. Mimi nitatangulia mbele.

Ghislain